Kurasa Nilizozishona

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliishia la sita, kule Uvira, Kongo, na tangu hapo vidole vyangu vimezoea mkasi kuliko kalamu. Lakini wiki hii nimesikia kwamba mama mmoja wa ghorofa ya juu amechana ukurasa wa kitabu cha watoto kabla ya kukirudisha, na mwingine amemwamuru binti yake arudishe kitabu bila kukifungua, kwa ajili ya picha iliyo juu yake tu. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekosa mara ya pili. Basi nawaandikia nyinyi akina mama wenzangu. Mnaotaka kunicheka nichekeni, nimeshazoea. Ila msiishie njiani.

Jengo letu liko Doornfontein, hapa Johannesburg, na chini yake kuna karakana ya kutengeneza viti. Unapoingia, pale ngazi zinapoanzia, kuna friji mbovu. Ilikufa zamani, mwenye nayo alihama akaiacha. Lerato aliipaka rangi ya manjano, akapanga vitabu mle ndani, akaandika mlangoni: chukua, soma, rudisha, ukiwa na chako lete. Hiyo ndiyo maktaba yetu. Mtoto wa jengo letu akikuambia anakwenda kwenye friji, usidhani ana njaa.

Lerato ni binti wa Melania. Melania ni Mtanzania wa Morogoro. Aliolewa na kijana wa hapa Afrika Kusini aliyekimbilia kule wakati wa makaburu, na nchi ilipofunguka akamfuata mumewe Johannesburg. Mume ameshafariki, yeye amebaki, na Kiswahili chake bado kimenyooka vilevile. Lerato anafanya kazi ofisini huko Marshalltown, na kila anayekutana naye, yeye humwomba vitabu. Lakini anachagua. Siku ya kwanza alituita pale chini akatuambia:

"Watoto wa jengo hili wanasoma vitabu ambavyo wao hawamo. Mimi nataka mtoto akifungua friji ajikute. Mkongo ajikute, Mzulu ajikute, mwenye ualbino ajikute, anayelelewa na bibi yake, anayetembea kwa magongo, wote."

"Na wasusi?" akauliza Parfait. Parfait ni mtu wa Lubumbashi, anasuka nywele za wanawake kwenye kibanda karibu na robot, zile taa za barabarani, na haijapita siku akakosa neno. "Sisi wanaume tunaosuka nywele tumo?"

"Nitakutafutia, Parfait."

"Tafuta chenye picha. Na humo ndani niwe na sura nzuri kidogo kuliko hii."

Tulicheka sana. Kisha kila mtu akatoa alichoweza. Mimi ni fundi cherehani, nikasema vitabu vikija vimefumuka nitavishona. Na kweli vilikuja vimefumuka, vingine migongo imekatika, vingine kurasa zinadondoka kama manyoya ya kuku. Nikawa navishona kwa mkono, kwa sindano kubwa na uzi niliouvuta kwenye nta. Lerato hakuweka kitabu kwenye friji kabla hakijapita kwangu. Watu wakaanza kuniita daktari wa vitabu. Tangu nifike nchi hii nilikuwa najulikana kwa kupunguza suruali. Jina hilo jipya lilinipendeza mpaka nikawa natembea nimeinua kichwa.

Na faida ya vitabu vile niliiona mwenyewe, msifikiri nilikuwa gizani. Kilikuja kimoja cha mtoto aliyehamia nchi ya watu, na shuleni wanamwita kwerekwere, tusi la hapa kwa sisi wageni, kwa sababu jina lake linawashinda kutamka. Binti yangu Jocelyne alikisoma amelala chini ya meza yangu ya kazi, anacheka peke yake. "Mama, mwalimu wa humu anatamka jina kama wa kwangu! Anasema Joslini!" Akakirudia, akakirudia tena. Kile nilikipenda. Kilipofumuka nilikishona mgongo mara mbili.

Sasa niwaambie habari za Jocelyne.

Mkono wake wa kushoto unaishia chini kidogo ya kiwiko. Pale mwisho kuna vinundu vidogo, kama mbegu za maharage, ndivyo vilivyokuwa viwe vidole. Alizaliwa hivyo. Daktari alisema hutokea tu, hakuna aliyekosa. Lakini shangazi yangu alipiga simu kutoka Uvira akaniuliza, "Ulipokuwa na mimba uliangalia nini?" Neno lile lilinikaa. Tangu hapo kila nguo ya Jocelyne nimeishona mwenyewe, na kila nguo ina mikono mirefu, wa kushoto nauzidisha urefu kisha naukunja na kuufunga kwa ndani, nimetia na pamba kidogo ili usilale. Joto likiwa kali, watoto wote wako vifua wazi, wangu yuko na sweta. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu nilivyomfundisha: "Nasikia baridi."

Kanisa letu ni dogo, tunakutana kwenye chumba juu ya duka. Kila Jumatano akina mama tunaomba, na anayetuongoza ni Mama Victoire. Yeye alinifundisha kwamba ule mkono nisiupokee. Nisiutaje kuwa ni mfupi, nisiseme mtoto wangu ni mlemavu, maana ukishakiri kitu kwa kinywa umekifungulia mlango kikae. Niseme mkono unakuja. Basi tuliuita mkono uje. Tulimpaka mafuta, tukauita kwa sauti, na Jocelyne amesimama katikati yetu anaangalia viatu vyake.

Na mimi, kwa kuwa ni fundi, nikawa napima. Nilichukua futi yangu ya cherehani nikapima kuanzia kiwiko mpaka mwisho, kila mwezi unapoanza. Na mkono ulikuwa unaongezeka! Nilipeleka habari Jumatano, akina mama wakapiga vigelegele, Mama Victoire akaruka. Mnaelewa wenyewe. Mtoto anakua, kila kiungo chake kinakua. Mimi niliyewapimia watoto wa watu nguo za shule mwaka hadi mwaka, nikawaambia mama zao "huyu ameongezeka, tuache pindo", kwa mtoto wangu sikuliona hilo. Au niliona nikakataa. Hapo sijajua mpaka leo.

Mume wangu Jacques hakuja Jumatano hata moja. Yeye ni mlinzi huko Randburg, anarudi amechoka, na mimi nilidhani ni uchovu.

Basi asubuhi moja, Jocelyne ameshakwenda shule, Lerato akanigongea kabla hajaenda kazini. Alikuwa anahema, amekumbatia kitabu.

"Anti, hiki nimekitafuta kuanzia mwaka jana! Mgongo tu ndio umelegea. Ukinishonea, Jumamosi nitawasomea watoto."

"Kiache tu, mwanangu, kitakuwa tayari."

Akasimama pale mlangoni kidogo. Aliniangalia kama mtu mwenye neno, kisha akaniambia, "Kisome na wewe, Anti," akaondoka.

Kiingereza changu ni cha vipimo na rangi za nguo, lakini kitabu cha watoto nakiweza nikifuatisha kidole. Nikakifungua juu ya cherehani. Ni habari za msichana anayekaa na bibi yake, na bibi ana saluni. Mwanzo hakuna kitu, wanakunywa chai, wanafunga mlango, wanakwenda kazini. Kwenye picha zile msichana amesimama upande, au amekaa nyuma ya meza. Kisha wanapanda basi, anashika nguzo ya basi kwa kiwiko, na pale ndipo nikauona. Mkono wa kushoto. Umeishia chini ya kiwiko, na aliyechora alikuwa mwaminifu, amechora mpaka vile vinundu.

Ndani ya basi mvulana mmoja anamuuliza, "Mkono wako umekwenda wapi?"

Naye anajibu, "Haujaenda popote. Ndio huu."

Basi. Hakuna muujiza, hakuna anayelia. Ukurasa unaofuata yuko saluni anamsuka mteja, anabana nywele kwa ule mkono mfupi, anapitisha kwa mwingine, na mteja anasinzia.

Niwaambie kitu ambacho hata Jacques sikumwambia. Nilipoiona picha ile niligeuza uso. Mkono ninaouosha mwenyewe, ninaoukausha kwa taulo, nilipoukuta kwenye karatasi, wazi, mwangani, niligeuza uso kama mtu aliyemkuta mwenzake bafuni. Ndipo nikajua macho yangu yalivyo. Na badala ya kukaa na hilo, nikakasirika. Nikasema, huyu Lerato anataka nini na mtoto wangu? Tumeuita mkono miaka hii yote, leo mtoto asome "ndio huu", aupokee, na maombi yote yamwagike? Na Jumamosi watoto wote wataangalia kitabu, kisha watamwangalia yeye.

Kukitupa sikuweza, Lerato angekiulizia. Nikachukua sindano nyembamba na uzi mweupe. Nikazishika kurasa zote kuanzia ile ya basi mpaka ile ambayo bibi na mjukuu wanafunga saluni jioni, nikazishona pamoja ukingoni, mishono midogo, imebanana, fundo nimelificha ndani. Sikuharakisha. Mashine ya karakana ilikuwa inalia huko chini, jua limeingia dirishani, na mimi nashona kama niliyeletewa gauni la harusi. Nilipomaliza nikakirekebisha na mgongo, ukakaa vizuri.

Lerato alipokuja kukichukua nikamwambia, "Za katikati zililowa maji zamani, zinachanika. Nimezishikisha tu zisidondoke."

"Aa, pole yake," akasema. "Asante, Anti." Hakuangalia. Kwa nini aangalie? Alikuwa ananiamini.

Jumamosi tulijaa pale chini. Watoto wamekaa kwenye ngazi, akina mama tumesimama, Melania kwenye kiti chake, Parfait ameegemea friji na chanuo nyuma ya sikio. Mimi nilisimama mahali pangu, nyuma ya Jocelyne, nachunguza nani anamtazama na anatazama wapi. Nilikuwa hivyo kila mahali. Kanisani, dukani, kwenye taksi. Nilidhani ndio ulinzi.

Lerato akasoma chai, akasoma mlango, akafungua ukurasa mwingine, ukaja pamoja na wenzake kama ubao.

"Hizi ndizo zilizolowa," akasema. Akazipapasa. Akazinusa. "Mbona zimekauka vizuri hivi? Anti, umezishona zote?"

"Mama Jocelyne!" Parfait akadakia. "Siku hizi unashona hata maneno?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka nao. "Kitabu kilikuwa kibovu, nyie," nikasema. "Ruka hapo, Lerato, soma mwisho."

Jocelyne akainuka. "Nione," akasema, akamwendea Lerato.

Lazima mjue kwamba mimi nikikosea mshono, anayefumua ni yeye. Tangu mdogo ndiyo kazi aliyoipenda. Anakandamiza kitambaa juu ya goti kwa mkono mfupi, anachokonoa kwa pini kwa mkono wa kulia, na hachani uzi wa kitambaa hata mmoja. Akakigeuza kile kitabu kwenye mwanga wa mlango. Akaangalia ukingo. Mgeni angeona uzi tu. Yeye amelala chini ya meza yangu tangu anatambaa.

"Ni mishono ya mama," akasema. "Haijalowa. Ni mishono tu."

"Jocelyne, kaa chini," nikamwambia.

Hakukaa. Akaomba pini, Melania akaichomoa kwenye kitambaa chake cha kichwa akampa. Mtoto akakaa kwenye ngazi ya chini, akaweka kitabu gotini. Sweta ilikuwa inamteleza, ile pamba inambana, hawezi kukandamiza. Basi akaivuta sweta kwa meno, akaipandisha mpaka juu ya kiwiko, mbele ya watu wote, akakandamiza kitabu kwa mkono wake, akaanza kufumua. Tik. Tik. Tik. Parfait akaondoa chanuo sikioni, akalishika tu mkononi. Nilitaka kwenda kumzuia, nikabaki mahali pangu.

Kurasa zikafunguka, mbili zikachanika kidogo ukingoni. Akaiona picha ya basi. Akasoma kimya, midomo inacheza. Watoto wakasogea, wakachungulia. Mmoja, mtoto wa ghorofa yetu, akamwangalia msichana wa kitabuni, akamwangalia Jocelyne, akasema kwa furaha kabisa, kama aliyekuta picha ya mtu anayemjua, "Ni wewe!"

Hakuna aliyemcheka. Lile nililoliogopa miaka yote halikutokea.

Jocelyne akainua macho akanitafuta. Binti yangu anakielewa Kiswahili chote ila anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa hapa. Siku ile alisema Kiswahili, ili kila mama pale aelewe.

"Mama, ulikuwa hutaki nimwone, au ulikuwa hutaki waniangalie?"

Nilifungua mdomo. Nilisema kitu kuhusu karatasi, kuhusu maji. Nilirudia uongo ule ule na kitabu kiko wazi mbele yetu, kikavu. Ndicho kinachoniumiza kuliko hata kushona. Kisha nikapanda ngazi, nikamwacha pale.

Melania alinifuata. Alipanda taratibu, magoti yanamsumbua, akakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa.

"Mdogo wangu," akasema, "ungekichana kwa hasira ningekuelewa. Mimi mwenyewe nimechana mengi kwa hasira. Lakini wewe ulitunga uzi. Ukafunga fundo. Ukalificha."

"Nilikuwa namlinda, Mama Lerato. Watoto wa hapa wana maneno."

"Wana maneno, ndiyo. Walimwambia nini leo?"

Niliinama nikaokota vipande vya uzi sakafuni.

"Na Lerato wangu ulimwambia kitabu kimelowa. Amekaa kule chini anajiuliza kama alikosea kumletea mtoto kitabu. Analia, Mama Jocelyne."

Nikamwambia nitamwomba radhi. Akasema, "Utamwomba, na atakusamehe, ana moyo mwepesi yule. Lakini si msamaha wake unaoutafuta." Akasimama, akaniacha.

Jacques alirudi jioni akiwa ameshaambiwa getini. Habari katika jengo letu hazingoji lifti. Alivua kofia ya kazi akaketi.

"Mie nilimwambia mutoto mkono wake uko muzuri," akasema. "Kila siku nikimuogesha akiwa mudogo, nilimwambia. Weye ulimwambia nini?"

"Nilimwombea."

"Ulimwombea akuwe mutoto mwingine." Hakupaza sauti. "Unafikiri nilikuwa nachoka siku ya Jumatano? Sikutaka kuona."

Kumbe alijua, na alininyamazia. Nilitaka kumgeuzia hasira, nimwambie mbona hukunizuia. Lakini nilijua ningemjibu nini kama angenizuia.

Nilimkuta Jocelyne anajiosha. Siku zote nilikuwa namsaidia kuosha mgongo. Nikasukuma mlango, umefungwa.

"Ninaweza," akasema ndani.

"Jocelyne, nisamehe."

Maji yakaendelea kumwagika. Kisha akasema, "Mama, ile futi. Mkono unaongezeka kwa sababu mimi ninaongezeka. Nilijua. Nilikuwa sisemi kwa sababu ulikuwa unafurahi."

Mama wenzangu, hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni, pale nje ya bafu. Mtoto alikuwa anasimama katikati ya mafuta na kelele zetu ili mimi nifurahi. Nilifikiri nimebeba mzigo wake, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anabeba wangu.

Jumatano iliyofuata hatukwenda. Mama Victoire alipiga simu, akasema adui ameingia kwa njia ya vitabu. Nikamwambia hakuna adui, ni kitabu cha saluni. Akasema nisikiri. Nikamwambia, "Mama, mkono wa mtoto wangu unaishia chini ya kiwiko." Nililitamka, neno ambalo sikuwahi kulitamka kwa sauti. Bado namwomba Mungu. Ila naomba mengine.

Mngependa niwaambie kwamba tulikumbatiana yakaisha. Hayakuisha. Jocelyne hana kiburi, anasalimia, anakula, ananiletea maji nikiwa na kazi. Lakini siku moja niko kwenye cherehani, yeye amekaa mlangoni, akaniuliza kwa upole tu:

"Mama, ukiniangalia unaona nini kwanza?"

Ningesema macho. Ana macho ya mama yangu. Ningesema uso wako. Neno lilikuwepo. Lakini nilichelewa. Nilichelewa kidogo sana, muda wa kuvuta uzi mmoja, na katika kuchelewa kule yeye alishapata jibu. Akatikisa kichwa kama mtu mzima, akaenda zake kwenye friji.

Sasa mnaelewa kwa nini naandika. Wewe uliyechana ukurasa, sijui kwa nini umechana. Labda picha ilikuwa ya mama wawili wanaoishi kama mke na mume katika nyumba moja, labda ni mtoto wa Kiislamu, labda ni mtoto kama wa kwangu. Unafikiri unakitoa kitu nyumbani mwako. Mtoto wako atakuta pengo, na pengo lile litamwambia habari zako ambazo hukutaka azijue. Kama kitabu kinakuchoma, kaa nacho. Muulize mtoto anaona nini humo. Ukishindwa, mrudishie Lerato mkononi, umwambie kweli kwamba kimekushinda. Hiyo ni aibu ya saa moja. Yangu haijaisha.

Lerato alinisamehe, kama mama yake alivyosema. Ameendelea kuniletea vitabu vishonwe. Mara ya kwanza nilikataa, nikasema tafuta fundi mwingine. Akasema, "Anti, fundi mwingine yupi?" akaviacha mezani. Sasa ninavishona mgongo, na kabla sijavitoa ninavifungua kurasa zote mbele yake, moja moja, ingawa hajaniomba.

Juzi alimwomba Jocelyne awasomee watoto kile kitabu, mwanzo mpaka mwisho. Jocelyne akakubali. Nikaanza kumtafutia nguo ya kuvaa, nikiwa na furaha na hofu pamoja. Akaja akasimama karibu na meza.

"Mama, Jumamosi usije."

"Nisije?"

"Ukija, utawaangalia wao. Utaangalia wanaangalia wapi. Mimi nitakuona unaangalia, na nitaanza kuangalia na mimi. Sitaweza kusoma."

"Sitaangalia, mwanangu. Nitakaa nyuma."

"Eish, mama." Akanishika bega. "Huwezi."

Ni kweli, siwezi. Bado siwezi. Nikamwambia sawa.

Leo ndiyo hiyo Jumamosi. Wote wameshuka, hata Jacques ameomba ruhusa kazini na ameshuka amevaa shati jeupe. Mimi niko juu na karatasi hii. Alitoka hapa amevaa fulana ya mikono mifupi ya kununua, si ya kwangu, baba yake ndiye aliyempatia. Nilimwona mpaka kwenye ngazi, nikafunga mlango, kisha nikaufungua kidogo.

Nasikia sauti yake. Maneno siyapati, sauti tu, inapanda inashuka. Amekwama mahali, ameendelea. Sasa kimya. Sasa wamecheka, wote kwa pamoja, watoto na watu wazima, kicheko kikubwa, na mimi sijui wanacheka kitabu, au wanacheka neno la Parfait, au wanamcheka yeye. Nimesimama nikashika kitasa. Nimekiachia, nimerudi kukaa.

Anasoma tena.